Ubao Hauna Upande wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na dada yangu. Amesema niandike humu mambo ya bustani, maana nikiyasimulia kwa mdomo nachosha watu. Basi nimeanza, tuone karatasi itachoka lini.

Mimi ni mtunza bustani ya mji. Bustani yenyewe ina mabenchi tisa, bembea mbili zinazolia na ya tatu iliyonyamaza kwa kukosa mnyororo, choo chenye kufuli, na kule chini, ubavuni mwa barabara, uwanja wa farasi. Uwanja ni mchanga mtupu uliozungushiwa uzio mweupe, urefu hatua sitini, upana ishirini na tano. Watu wakija huangalia farasi. Mimi naangalia mchanga. Nimeupiga reki kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, mpaka jina langu wamelisahau na wananiita Mzee Reki.

Kazi yangu kubwa ni ya dakika tano. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia uwanjani, nasimama mahali saba, na kila mahali nakandamiza kisigino cha kulia kwa uzito wangu wote. Kikiacha alama ya kina cha ukucha, mchanga uko sawa. Kikizama mpaka ukingo wa soli, farasi atateleza. Halafu naenda langoni kwenye ubao wa bati. Upande mmoja ni wa kijani: UWANJA UKO WAZI. Wa pili ni mwekundu: UWANJA UMEFUNGWA. Naugeuza inavyostahili. Mwalimu wa farasi hajawahi kuniuliza kwa nini. Anatupia ubao jicho, halafu ama anatandika farasi, ama anarudi kwenye chai yake.

Leo ni mwekundu na jua linawaka. Jumatatu farasi wanapumzika. Ndiyo desturi ya Mwalimu tangu alipofika, na farasi wameizoea kuliko sisi.

Jumanne, 5 Machi

Karani wa ofisi ya mji amevuka barabara kuja kuniona. Ni kijana mpole, shati limenyooka, viatu havijawahi kuonana na tope. Amesema kuanzia leo nipige ubao picha kila asubuhi saa moja na kumtumia kwa simu. Nikamuuliza za nini.

"Za faili, mzee. Tunataka kujua bustani inavyotumika."

Nikafurahi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyetaka kujua. Nimepiga picha tatu, nikatuma iliyotoka bila kidole changu. Akajibu: Kazi nzuri.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya dada.

Dada yangu ni fundi cherehani, au alikuwa. Nusu ya mji imeolewa ndani ya mishono yake. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kushoto, mkono ukarudi kiasi, mguu ukagoma. Anatembea kwa fimbo akiuburuta mguu kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali ndiye aliyesema apandishwe farasi, kwamba nyonga za farasi zinakwenda kama za mtu, na mwili uliosahau kutembea unakumbushwa ukiwa umekaa. Mimi niliona ni mzaha. Dada akasema yeye ameshavaa nepi za wagonjwa, hakuna mzaha unaomtisha tena.

Farasi anayempanda ni jike jeupe, mzee, tumbo kama pipa, anaitwa Shangazi. Yuko na farasi mwingine kijana, mwekundu, anaitwa Kiherehere, na jina linatosha. Shangazi hana haraka na mtu. Mwalimu anamshika hatamu, mimi natembea ubavuni nimemshika dada goti, tunazunguka nusu saa. Akishuka kwenye jukwaa la mbao anampa Mwalimu fimbo, na anajaribu kwenda mpaka kwenye benchi la karibu bila kushikwa. Ni hatua kumi na nne. Nimezipima mwenyewe.

Leo amekwenda tisa.

"Usiandike tisa," akaniambia. "Andika tisa na nusu. Ile ya mwisho ilikuwa njiani."

Jumapili, 10 Machi

Mvua ya kwanza. Mwekundu. Kazi nzuri.

Alhamisi, 14 Machi

Jua la siku tatu, kisigino hakikuzama. Dada kumi na mbili. Mwalimu, ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka, ametumia moja leo.

Nilipokuwa namrudisha nyumbani dada akasema akifika benchi atashona tena. Nikamwambia cherehani ina kutu. "Hata mimi," akasema. "Tutatiwa mafuta."

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku ya tano mfululizo. Lazima niandike habari ya maji haya, maana si ya mvua peke yake.

Zamani uwanja ulikauka kwa siku moja. Maji yalipita chini ya uzio, yakaingia mtaro wa barabara, yakaenda zake. Mwaka jana ofisi ya mji iliinua barabara ikaweka lami mpya, nzuri sana, juu kuliko uwanja kwa kimo cha goti. Mtaro wakauziba kwa kifusi. Sasa maji ya mtaa mzima yakitoka huko juu yanateremka kwetu, yanakaa, yanavua viatu. Niliandika barua. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa. Niliandika ya pili kuuliza ya kwanza imefikia wapi, nikajibiwa kwamba na hii imepokelewa. Hawa ni watu wa kupokea, huwezi kuwalaumu.

Leo nimechimba kijifereji kwa jembe kuelekea kichakani. Kimepunguza kidogo. Saa nane mvua ikarudi, ikakitumia kuingilia.

Alhamisi, 21 Machi

Mwekundu. Dada alikuja hivyo hivyo, akakaa benchini na mwavuli, akaangalia uwanja kama mtu aliyefika kituoni basi likiwa limeondoka.

Jumatatu, 25 Machi

Mwekundu wa mapumziko. Kazi nzuri.

Alhamisi, 28 Machi

Mwekundu.

Alhamisi, 4 Aprili

Kijani, ya mashaka mashaka lakini kijani. Kona ya juu tu ndiyo ilikuwa laini, tukaipitia mbali. Dada saba. Wiki mbili amekaa tu, na mguu umetumia nafasi hiyo kusahau.

Alichukua fimbo mwenyewe.

Jumanne, 9 Aprili

Karani amenipongeza barabarani. Amesema kati ya watunzaji wote wa mji ni mimi peke yangu sijaruka hata siku moja. Hata Jumatatu natuma. Hata siku ambayo asubuhi ni mbovu na mchana inakauka, mimi picha yangu iko kule saa moja kamili. Nilitembea kutwa kifua mbele kama jogoo wa jirani.

Mwalimu akaniuliza naringia nini. Nikamwonyesha simu, Kazi nzuri zimepangana moja chini ya nyingine kama shanga. Akazisoma mpaka juu.

"Mbona wanakusifu sana kwa kufunga?" akasema.

Nikamwambia wanasifu usahihi. Akarudi kwenye chai yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Mwekundu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mwekundu. Maji yamefika ubao wa pili wa uzio. Bata wawili wameogelea mahali ambapo Kiherehere huruka viunzi, na kusema kweli waliruka vizuri zaidi.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nitaandika sana.

Asubuhi walikuja watu wawili na mkanda wa kupimia. Nilidhani ni mtaro. Nikawafungulia lango, nikawashikia ncha ya mkanda, nikawaonyesha maji yanapoingilia. Wakawa wanasema namba: mbili na nusu, tano, mbili na nusu, tano. Nikauliza mtaro gani wa mbili na nusu kwa tano. Mmoja akacheka.

"Siyo mtaro, baba. Gari moja. Upana na urefu."

Nimevuka barabara kwenda ofisini na mabuti ya tope, nikapanda ngazi mpaka kwa Karani. Dirisha lake linatazama bustani yetu yote, na uwanja katikati kama sahani. Akaniketisha. Akanieleza kwa upole, maana kila kitu yeye hukieleza kwa upole, kwamba kuna kanuni mpya. Sehemu yoyote ya bustani ikifungwa siku arobaini ndani ya msimu, kuanzia tarehe mosi Machi mpaka mwisho wa Mei, inahesabika kuwa haitumiki, na ofisi inaweza kuipangia matumizi mengine. Matumizi mengine yameshachorwa. Ni maegesho ya magari.

"Na sisi tumefungwa siku ngapi?"

Akageuza kioo cha kompyuta nione. Picha zangu zote zilikuwa pale, zimepangwa kama vigae, nyekundu nyekundu kijani nyekundu. Nzuri, zimetulia, hakuna kidole.

"Thelathini na tatu, pamoja na ya leo."

"Ya leo ni Jumatatu. Jumatatu farasi wanapumzika. Hata jua likiwaka ubao ni mwekundu. Jumatatu zangu ni saba, zitoe."

Akaangalia picha, akaniangalia mimi. "Mzee, picha haisemi kwamba farasi wanapumzika. Inasema uwanja umefungwa."

"Ubao hauna upande wa tatu, mwanangu."

"Naelewa. Lakini faili nalo halina."

Nikamwuliza kama ndiyo maana waliziba mtaro. Akasema mtaro ni idara nyingine, na nilimwamini, kwa sababu uso wake ulionyesha hata yeye angependa mtu wa kumlaumu. Nikamwuliza basi zile sifa zilikuwa za nini.

"Kazi yako ni nzuri kweli, mzee. Wengine hawatumi. Kwao hatuna ushahidi wowote."

Nimeteremka ngazi nikishika ukuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tunasema hivyo. Lakini yule huwa anamchimbia mwenzake. Mimi nilikuwa nachimba tu, nikisifiwa ninavyochimba.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Mwalimu. Alikuwa anamsafisha Shangazi kwato. Hakuinua kichwa mpaka kwato ya nne.

Uwanja ukienda, alisema, hana mahali pengine pa kufundishia hapa mjini. Farasi atawapeleka shambani kwa kaka yake, safari ya siku nzima. Kiherehere atauzwa. Shangazi hakuna atakayemnunua, atakula majani mpaka siku zake ziishe.

Nikasema yote ni mimi. Akasema, "Wewe ulisema kweli kila asubuhi." Kisha akaongeza, "Ndiyo shida yenyewe."

Dada bado sijamwambia.

Jumatano, 24 Aprili

Mwekundu. Thelathini na nne.

Alhamisi, 25 Aprili

Mwekundu. Thelathini na tano. Ilibidi nimwambie, maana aliniuliza kwa nini nahesabu kwa vidole kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea tusi, ningelipokea.

"Mdogo wangu," akasema, "tangu utotoni ukitumwa chumvi dukani ulikuwa unarudi na chumvi na risiti."

Jumatatu, 29 Aprili

Jua. Nimetundika kijani siku ya Jumatatu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Ili isiwe uongo, Mwalimu amemtembeza Kiherehere kwa kamba dakika kumi. Farasi alikuwa ananiangalia kama mfanyakazi aliyeitwa kazini siku ya harusi yake.

Jumanne, 30 Aprili

Usiku mvua. Asubuhi kisigino kimezama mahali sita kati ya saba. Nikapata akili. Nikageuza ubao kijani, nikapiga picha, nikatuma, nikaurudisha mwekundu. Nikajipongeza. Dakika mbili hazijaisha simu ikalia.

"Mzee, shikamoo. Picha yako ina kijani."

"Marahaba. Naam, kijani."

"Na mimi niko dirishani hapa, nauona mwekundu."

Nikageuka. Kweli, alikuwa pale juu, kikombe mkononi. Akanipungia, kwa upole.

"Sasa kama una dirisha," nikamwuliza, "picha unazitaka za nini?"

"Dirisha haliingii kwenye faili, mzee. Nitumie nyingine, tafadhali. Na mimi hii ya kwanza sijaiona."

Nimetuma nyingine. Thelathini na sita. Kazi nzuri.

Alhamisi, 2 Mei

Kijani. Dada amepanda, kwa mara ya kwanza tangu tarehe nne mwezi uliopita. Hatua tano. Ya sita nilimdaka mimi.

Ijumaa, 3 Mei

Nimefanya jambo.

Mvua ilinyesha alfajiri, si nyingi. Nikaingia uwanjani. Mahali sita kisigino kilisema ndiyo. Mahali pa saba, kona ya juu karibu na barabara, kilizama mpaka ukingo wa soli, na maji yakajaa kwenye alama taratibu kama jicho linalotaka kulia. Nilisimama pale. Nikafikiria hatua tano. Nikafikiria mbili na nusu kwa tano. Halafu nikachukua reki, nikalifuta lile shimo vizuri, nikaenda langoni nikatundika kijani. Nikatuma. Nikaambiwa kazi yangu ni nzuri.

Saa mbili akaja yule mama wa duka la dawa, mwanafunzi mpya wa Mwalimu, amevaa kofia ngumu kama mwenda mgodini. Mwalimu akatazama ubao, akamtandika Kiherehere. Mimi nilikuwa nafagia majani ambayo hayakuwepo. Nilijiambia nitamwonya kuhusu ile kona. Nitasema, kona ile ipitieni mbali. Lakini kusema hivyo ni kusema nimedanganya, na nilikuwa bado naliandaa neno mdomoni wakati Kiherehere alipofika konani. Miguu ya nyuma ikaenda kushoto na yeye akabaki kulia. Akaanguka kwa ubavu, polepole, kama kabati.

Mama wa duka la dawa alirushwa upande wa mchanga laini, akainuka mwenyewe, kifundo cha mkono kimeteguka. Akawa anacheka na kutetemeka. Akasema ameshauza dawa za kuteguka miaka mingi, leo atazijaribu. Kiherehere aliinuka na goti linalotoka damu. Akasimama akiwa ametega masikio, hana kiherehere chochote.

Mwalimu alimwosha goti, akalifunga. Akamsindikiza mama yule mpaka langoni. Kisha akaja nilipo.

"Ulikanyaga?"

"Nilikanyaga."

"Pale?"

"Hata pale."

"Pakasemaje?"

"Palisema mwekundu."

Alijipangusa damu ya farasi mikononi. Angenipigia kelele ningejua pa kuweka uso.

"Mzee Reki, mimi ardhi siiangalii," akasema mwishowe. "Miaka yote hii naangalia ubao. Nimepandisha watoto wa watu kwa kisigino chako."

Akaenda. Nikageuza ubao, nikatuma picha ya pili bila kuulizwa. Thelathini na saba.

Jumamosi, 4 Mei

Mwekundu. Thelathini na nane. Mwalimu leo, kabla ya kuangalia ubao, aliingia uwanjani na kukandamiza kisigino chake mwenyewe. Nilikuwa nyuma ya choo. Niliona.

Alhamisi, 9 Mei

Jua tangu Jumapili. Mwalimu alikanyaga baada yangu tena, mahali pote saba, akatikisa kichwa kukubali, hakuniangalia. Dada amepanda. Nusu saa ikawa dakika arobaini, hakuna aliyetaka kusema basi. Goti lake nililoshika lilikuwa linafanya kazi, nililisikia chini ya kiganja, linakwenda na farasi.

Hatua kumi. Kabisa, hakuna nusu.

Aliposimama pale, benchi liko mbele yake hatua nne, alilitazama kama anavyotazama pindo lililoshonwa na mtu mwingine. "Wiki ijayo," akaliambia.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua kutwa. Thelathini na tisa.

Jumatatu, 13 Mei

Kijani. Kiherehere anachechemea, kwa hiyo tumemtembeza Shangazi. Mwalimu alikuwa na kamba, mimi nyuma na reki. Siku moja imebaki, na siku za Mei kumi na nane. Karani dirishani.

Jumatano, 15 Mei

Mawingu jioni, mazito, yamekaa juu ya paa la ofisi ya mji kama yanasubiri kuhudumiwa. Nimetandaza maturubai mawili na pazia la bafu la dada kwenye ile kona. Nimeziba kijifereji changu kwa magunia ya mchanga. Sijui la kufanya tena, nimekaa kwenye benchi la dada nikiangalia angani. Sijawahi kumwomba mtu wala mbingu kitu cha kijinga kama hiki, kwamba isinyeshe juu ya hatua sitini kwa ishirini na tano tu, kwingine inyeshe itakavyo.

Alhamisi, 16 Mei

Ilianza saa nane usiku. Niliisikia juu ya bati, sikulala tena.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uwanjani. Maturubai yalikuwa yanaelea. Pazia la bafu lilikuwa kwenye uzio, samaki wake waliochorwa wamepata maji hatimaye. Nikakanyaga. Mahali pa kwanza pakazama. Pa pili pakazama. Pa tatu. Nilikwenda pote saba ingawa pa kwanza palitosha, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Nilipofika langoni dada alikuwa ameshafika. Saa moja kasoro. Amekuja peke yake, njia nzima, kwa fimbo, mvua imemlowesha mpaka kilemba. Mwalimu alikuwa amesimama chini ya paa la banda na Shangazi, tandiko liko juu ya uzio, halijawekwa.

"Tundika kijani," dada akasema.

"Dada."

"Nimekuambia tundika. Mwalimu hataki, basi asinipandishe. Nitakaa pale benchini mpaka jioni. Si lazima mtu apande, wewe tundika tu ubao."

"Ubao ukiwa kijani watu wanakuja. Saa tatu wanakuja watoto wa shule. Wanakuja mbio, Mwalimu akisema hapana wanamwonyesha ubao."

"Basi nipandishe mimi. Nikianguka, nimeanguka mimi. Mguu ni wangu, mwenyewe haunitaki."

Nikamwangalia Mwalimu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikuwa ananiangalia mkono. Hata Karani alikuwa dirishani mapema hivyo, kikombe hakipo, amesimama tu. Watu watatu na farasi mmoja wanautazama mkono wangu, na mimi mwenyewe wa tano, kana kwamba si wangu.

Nilitaka mmoja wao aseme. Yeyote. Ningemtii hata Shangazi.

Ubao ulikuwa umebaki kijani tangu jana. Nikaugeuza. Nikatoa simu chini ya koti, nikaipangusa, nikapiga. Picha ya kwanza ilitoka na kidole. Nikapiga ya pili. Nikatuma.

Dada hakunitukana. Alikwenda akakaa benchini, akalifuta kwanza kwa kiganja kana kwamba kulikuwa na sehemu kavu. "Chumvi na risiti," akasema, si kwangu.

Jibu la Karani leo limechelewa, mpaka saa nne. Nilitegemea ataandika kitu kingine.

Ijumaa, 17 Mei

Jua.

Jumatano, 22 Mei

Jua. Barua imekuja, nimeipokea. Na mimi najua kupokea. Ubao umechukuliwa kama kielelezo. Wanasema utarudishwa.

Jumapili, 26 Mei

Jua siku ya kumi. Mchanga umekuwa mzuri kuliko nilivyowahi kuuona, unashika bila kushikilia. Napiga reki. Sijaambiwa niache.

Alhamisi, 30 Mei

Lori la kubeba farasi limekuja asubuhi. Mwenye lori hakujua kwamba ni Alhamisi, kwake ilikuwa siku tu.

Kiherehere hatukuwa naye, aliondoka juzi na mnunuzi, goti limepona. Alibaki Shangazi. Dada alikuja na fimbo, amevaa nguo ya kwenda mahali. Aliniambia leo asingepima chochote, lakini alipofika jukwaani alimpa Mwalimu fimbo, kwa mazoea. Akaenda hatua nne. Akarudishiwa fimbo. Nimeandika nne.

Shangazi alifika kwenye ngazi ya lori, ubao mpana uliolazwa kutoka mlangoni mpaka chini, akasimama. Mwenye lori akamvuta. Akasimama. Akampiga kofi la paja. Akasimama. Mwenye lori akasema farasi huyu ni mbishi. Mwalimu akasema si mbishi, ni mzee, hapandi asipopajua.

Kisha akageuka.

"Mzee Reki," akasema. Tangu ile Ijumaa alikuwa hajanitaja kwa jina. "Hebu mkanyagie."

Nikapanda kwenye ule ubao. Nikakandamiza kisigino chini, katikati, juu, kushoto, kulia, mbele ya mlango, na mara ya saba ndani kabisa, kwenye majani makavu waliyomtandikia. Nilikaa humo kidogo zaidi ya inavyohitajika. Kulikuwa imara pote. Hakukuwa na mahali hata pamoja pa kusingizia.

Nikashuka. Mwalimu alikuwa ananingoja, hakuangalia lori wala ngazi, alikuwa ananiangalia mimi. Dada naye.

"Kijani," nikasema.

Mwalimu akalegeza hatamu, na Shangazi akapanda.